Hando Mbele, Magauni Nyuma

Margaret Sidi alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 28 Machi 1937, na siku hiyo hiyo akavua hando. Kwa mwanamke wa Kigiriama hilo si jambo dogo. Hando ni sketi ya bafta, kitambaa chepesi cheupe, tabaka juu ya tabaka, na kila mkunjo wake hukunjwa kwa vidole. La Sidi lilikunjwa na mamake, Kache, huko Mwakirunge. Sidi alilirudisha limeviringishwa ndani ya mkeka. Kache alilipokea, akaliweka darini.

Miaka kumi na moja baadaye, Sidi alikuwa mjane wa Changamwe mwenye watoto wawili shuleni, chumba kimoja nyuma ya kanisa, na cherehani. Shule, chumba na cherehani vilikuwa vya misheni, na mwenye kauli katika misheni ni Bibi Kendrick. Kwa hiyo Bibi alipomwambia apange maonyesho ya mavazi, Sidi aliitika "Ndiyo, Bibi" kabla hajaelezwa maonyesho ya mavazi ni kitu gani.

Alielezwa baadaye. Akina mama wangepita mmoja mmoja katikati ya mabenchi, wamevaa magauni waliyoshona wenyewe, na watu wangewatazama. Kushona hakukumsumbua Sidi. Kazi ilikuwa kuwapata wa kupita.

"Yaani nipite, nigeuke, nirudi, na makuli wa bandarini wananikodolea macho?" aliuliza Nafula, mke wa fundi wa reli. "Sidi, mimi ni ng'ombe wa mnada?"

"Utavaa lile la maua."

"Lenye ukosi mweupe?"

"Hilo hilo."

Nafula alifikiri kidogo. "Basi nitapita mara mbili."

Zilipobaki siku chache, Bibi Kendrick akaongeza jambo. Kabla ya magauni, alitaka atangulie mwanamke mmoja mwenye hando, ili watu waone walikotoka. Akauliza, "Mama yako bado anavaa, siyo?"

"Ndiyo, Bibi."

Sidi alimtuma Garama, muuza makuti, apeleke habari Mwakirunge: mama aje na hando, kuna shughuli kanisani, yeye ndiye atakayetangulia. Hakueleza zaidi, na hapo ndipo alipokosea. Kwao, anayetangulia kuingia uwanjani ni yule anayeheshimiwa. Kache alipopata habari hizo hakulitaka hando la zamani. Alitoa bafta aliyojiwekea ya sanda, aliyoificha tangu kabla ya vita, akaikunja yote iwe hando jipya.

Aliwasili Changamwe akiwa na furaha ambayo Sidi hakuwahi kuiona tangu ubatizo. Alipoulizwa ile bafta ameitoa wapi, alijibu, "Nikifa nifungeni kwa mkeka. Leo mwanangu ameniita."

Kulikuwa na kazi moja zaidi. Bibi Kendrick angesema kwa Kiingereza na Sidi angefasiri. Siku ya maonyesho ukumbi wa kanisa ulijaa. Kache alitoka kwanza, leso begani, kichwa juu, na hando likicheza nyuma yake kwa kila hatua. Bibi Kendrick alisimama akasema kwamba huyu ndiye mwanamke wa Pwani kabla nuru haijamfikia, na kwamba leo watu waitazame aibu aliyoiacha.

Sidi akaugeukia ukumbi. "Huyu ni Kache wa Mwakirunge," akasema. "Ni mamangu. Hando alilovaa amelikunja kwa mikono yake."

Ukumbi ulipiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma akapiga vigelegele. Kache aligeuka, akarudi, akageuka tena bila kuambiwa. Nafula akapita na ukosi wake, mara mbili kama alivyoahidi. Katika benchi la mbele, Absalom, karani kijana kutoka bara anayejua Kiingereza, hakupiga makofi. Alikuwa akimtazama Sidi.

Absalom hakuwa na nia mbaya. Alimweleza Bibi Kendrick kwamba Sidi hakufasiri alichosema, kwa sababu alitaka kusaidia. Bibi naye hakukasirika, na hilo ndilo lililomwogopesha Sidi. Alimsifu mbele ya wote. Akasema maonyesho yamefana mno na yatarudiwa Likoni Jumamosi ijayo, vile vile, hando mbele na magauni nyuma. "Wewe utashughulika na magauni tu. Absalom atafasiri."

"Ndiyo, Bibi."

Chumbani, Kache alikuwa akinyoosha mikunjo kitandani.

"Mama, Likoni usije."

"Kwani kuna nini?"

"Ni mbali."

"Mbali! Mimi niliyetoka Mwakirunge kwa miguu hadi Kisauni?"

"Watu wa kule hawana adabu."

"Basi ndio wafunzwe." Kache akacheka. "Nimeshamwambia Garama awaambie jirani yangu Mwidani na wenzake. Tutakuja wanne. Mmoja mbele ni mpweke."

Sidi alifungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu, aibu, na lingemaliza yote: mama asingekuja, na Bibi angeuliza kwa nini hakuja. Watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka na sare zao zimetundikwa juu ya cherehani.

"Miaka yote hii," Kache alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye bafta, "nilidhani unanionea haya."

"Hapana, mama."

"Najua sasa. Nishikie hapa, mkunjo usifunguke."

Sidi alishika.

Jumamosi, Kache na wenzake watatu watateremka kutoka Mwakirunge na mahando yao. Sidi atawapokea kivukoni, atawavusha Likoni na kuwapanga mlangoni, mamake mbele. Absalom atafasiri.