Kiolezo cha Pili

Siku hizi mashine ya kuchonga chuma huambiwa na kompyuta ipite wapi. Mtu huketi, hubonyeza, na chuma hutoka kimepinda vile kilivyotakiwa. Napenda kutazama, ila hunipanda hasira nikisikia vijana wakisema kwamba zamani hatukuyaweza mambo hayo. Tuliyaweza. Sisi mashine tuliiambia kwa mti.

Ilikuwa miaka ya sitini, nami nikifanya kazi katika karakana moja ya Shimanzi, mwendo wa baiskeli kutoka kwetu Mji wa Kale. Mashine yetu ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja kidole cha chuma kilipapasa kiolezo cha mti, na upande wa pili meno yalikata shaba kwa kufuata kila kidole kilipopanda na kiliposhuka. Mti ukikosewa, na shaba imekosewa. Violezo vilitoka ng'ambo kwa meli, na tulivisubiri mpaka tukachoka.

Mjomba wangu alikuwa mchonga milango. Miaka hiyo watu walikuwa wamependa nyumba za simiti na milango ya mbao tupu, na wa kuagiza nakshi wakawa hawaonekani. Alikwisha kupatana na mnunuzi mmoja kwamba mwezi ukiandama aje kuchukua patasi zake zote, kisha yeye aende akalinde ghala. Nyingine katika hizo alizirithi kwa babake. Mkewe alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akamjibu kwamba koleo ni zima, ila wahunzi hawatakiwi tena. Habari ile iliniuma, nikawa naizungusha kichwani kutwa.

Ndipo boti inayompeleka rubani wa bandari kwenye meli ikagonga mwamba na kuharibu rafadha yake, lile panka la chini linalosukuma maji. Shaba ya kuchongea nyingine tulikuwa nayo, moja tu. Kiolezo hatukuwa nacho. Msimamizi wetu, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, mtu wa maneno machache, nilimtajia mjomba. Alicheka, akasema anataka mapindo, hataki maua. Lakini njia nyingine hakuwa nayo. Alinipa mchoro, akaahidi kwamba kazi ikifaa violezo vyote vya karakana vitachongwa na mjomba. Alitaka viwili, kwa sababu kidole husugua mti, na kiolezo cha kwanza kikilika katikati ya kazi lazima kiwepo cha kushika nafasi yake.

Mjomba alikubali kwa shingo upande, lakini siku ya pili tu alikuwa ameanza kumtania mkewe tena. Nilimkuta akipitisha kiganja juu ya mti na kufumba macho, kisha akinyoa kipande chembamba, kisha akipapasa tena. Vilipokwisha nilivifunga kwa kikoi nikavipeleka Shimanzi nikiwa na furaha tele.

Msimamizi alikipima cha kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipokiweka cha pili kando yake, aliweka chini kipimo. Cha pili kilipinda upande mwingine. Kilikuwa kizuri kama cha kwanza, na hakikuwa na kazi.

Nilifahamu papo hapo. Mlango wa kwetu una mbao mbili zinazokutana katikati, na ua la ubao wa kulia likiinama huku, la kushoto huinama kule ili yapate kuelekeana. Mchonga milango akiambiwa afanye viwili, mkono wake haujui viwili vya namna nyingine. Lakini mbawa za rafadha zote hupinda upande mmoja, ama sivyo hushindana majini na boti haiendi. Msimamizi alisema, bila ubaya, kwamba mzee arudie milango yake nasi tungoje meli.

Mjomba aliviweka violezo barazani, akavitazama sana.

"Nimekosa wapi?" aliniuliza. "Kwani havitazamani?"

Nilimwambia kosa ni huko kutazamana. Akasema basi, tumwachie mnunuzi patasi zake. Hapo nilikasirika. Nilimwambia avae kanzu tufuatane, kwa sauti ambayo mpwa hamwambii mjombake. Alinitazama kwa mshangao, akavaa.

Karakanani niliiwasha mashine na kuipa kipande cha mbao kibovu. Aliinama kukitazama kidole kikipapasa na meno yakifuata, akainama mpaka nikamvuta mkono wa kanzu usije ukanaswa.

"Hii haina mato," alisema hatimaye, akijigusa kope. "Yenda ipelekwako tu."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi haitaki mwenzi. Yataka pacha."

Msimamizi alimpa pembe ya meza. Mjomba alikata vipande vya bati kwa kufuata mapindo ya kiolezo cha kwanza, kila pahali bati lake, kisha akavijaribu kwenye mti mpya na kupunguza palipogusa. Mara kwa mara mkono ulitaka kurudi kwenye mazoea, naye aliufyonya kama anayemkanya paka. Alipomaliza, msimamizi alipitisha kidole cha mashine juu ya kiolezo kimoja, kisha juu ya kingine. Kilipanda na kushuka mlemle.

Tulichonga. Kiolezo cha kwanza kilianza kulika tulipofika ubawa wa mwisho. Tukakitoa, tukaweka cha pili, na ubawa ule ukatoka sawa na wenziwe. Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya wenzangu. Boti ilirudi kazini, na msimamizi akanipa mchoro wa gurudumu la pampu nimpelekee mzee.

Nilimkuta barazani. Mwezi ulikuwa umeandama, na mnunuzi alikuwa amesimama na gunia lake. Patasi zote zilikuwa zimepangwa juu ya jamvi, zimefutwa mafuta. Nilimpa mjomba mchoro. Aliukunjua juu ya magoti, akaupitishia kiganja kana kwamba karatasi nayo ina mapindo.

"Pacha?" aliniuliza.

"Pacha, mjomba."

Alilivuta jamvi taratibu mpaka likafika miguuni pake, kisha akamgeukia yule bwana kwa adabu zote.

"Niwie radhi, bwana," alisema. "Ndoo uzitwae nikisha kufa."