Mtu Asiye na Bomba

Katika mtaa ule, mtu akitaka kukujua hakuulizi ukoo wako wala unasali wapi. Anakuuliza, "Wewe wa bomba gani?" Maana wakati wa vurugu karibu mtaa mzima ulikimbilia ng'ambo ya mpaka ukawekwa kambini, na kambi ile ilikuwa na mabomba ya maji yaliyopewa namba. Kila mtu alipanga foleni kwenye bomba lake miaka nenda miaka rudi. Hapo aligombana, hapo alichumbia, hapo alipashwa habari za misiba. Waliporudi nyumbani waliyaacha mabomba, ila wenyewe hawakuachana. Bomba la Pili wana chama chao cha kuzikana. Bomba la Nne wakiwa na harusi, Bomba la Saba wanakaa viti vya nyuma na kukisema chakula vibaya huku wanakimaliza.

Mama Pasi hakuwa wa bomba lolote. Yeye hakukimbia.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mkono wake wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa sababu ya pasi ya mkaa aliyoibeba tangu ujana. Alikaa chumba cha mwisho cha nyumba ndefu ya halmashauri, chumba alichoingia akiwa bibi harusi. Meza yake ilikuwa dirishani, imetandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake. Pembeni kopo la maji ya kunyunyizia, sufuria ya wanga, na ukutani misumari, kila familia na msumari wake. Nguo za watu alizijua kuliko walivyozijua wenyewe. Alijua nani anatokwa jasho la woga, na nani suruali imeanza kumbana kiunoni ingawa kila siku analia hali ngumu. Yote hayo aliyameza, hakuwa mtu wa kupeleka maneno.

Siku zile watu walipohama, yeye na mumewe walikuwa wamefunga mizigo kama wengine. Lakini mumewe, fundi baiskeli, alikuwa na pumu, na wiki hiyo pumu ilimshika vibaya, hata kufika mlangoni ilikuwa safari. "Tangulia," alimwambia mkewe. "Nikipata nafuu nitakufuata." Mama Pasi akamuuliza kama amerukwa na akili. Akafungua kifurushi, akarudisha sufuria mahali pake. Kama alikuwa na siasa, basi hiyo ndiyo siasa yake yote.

Majirani walipopita kuaga walimwachia funguo. Ndivyo mtaa ulivyozoea: anayesafiri humwachia ufunguo anayebaki, na hakuna aliyefikiri kwamba safari hii ilikuwa ya namna nyingine. Akawa anazifungua nyumba za watu moja moja, anafagia, anaacha madirisha wazi vyumba vipate hewa, anatega panya, anafunga tena. Nyumba zote hizo, na ndani yake hamna hata mtoto wa kukufokea umemkanyagia mkeka.

Mumewe hakupata nafuu. Hospitali ilikuwa imefungwa na dawa hakuna. Alikata roho mchana, kichwa chake mapajani mwa mkewe. Wa kumsaidia kuzika alikuwa fundi saa peke yake, mzee wa jirani aliyekataa kukimbia kwa ubishi tu. Wawili hao walimpeleka marehemu kwa mkokoteni hadi nyuma ya kiwanda cha matofali, wakachimba kwa kupokezana, wakasimika rimu ya baiskeli kichwani mwa kaburi. Hakukuwa na wa kuwapa pole, wakapeana wenyewe.

Baadaye walikuja askari na mashati yao. Mama Pasi aliyapiga pasi. Ukiwa peke yako mtaa mzima, na mwenye bunduki amesimama mlangoni ameshika shati, sijui wewe ungefanya nini. Mimi ningeuliza kama anataka na wanga.

Kisha serikali nyingine ikaingia, watu wakarudi, kila mmoja na karatasi ya kambi yenye picha na muhuri. Walizikuta nyumba zao zimefagiwa. Walimshukuru sana, tusiwasingizie. Walimkumbatia, wengine walilia. Halafu wakakaa vibarazani wakaanza: unaikumbuka siku bomba lilipopasuka? Wakacheka hadi kushika mbavu. Mama Pasi naye alicheka, kwa adabu. Alikuwa na yake ya kusimulia, lakini kila alipoanza, "Siku ile shule ilipopigwa mabomu," watu waliangalia chini, na mmoja akakumbuka ameacha sufuria jikoni. Kuna aliyemuuliza, eti kwa utani, "Kwani wewe, dada, wale askari walikuachaje hai?" Watu wakacheka. Mama Pasi alilala na swali hilo siku nyingi.

Mtu wa kumwambia "unakumbuka?" alikuwa fundi saa. Mwaka jana naye akafariki. Tangu hapo, miaka ile yote ikawa kichwani mwa mtu mmoja.

Basi ndipo likatoka tangazo. Nyumba za halmashauri ni za raia. Asiye na kitambulisho cha uraia kufikia mwisho wa mwaka, apishe. Mama Pasi akavaa gauni lake la heshima akaenda ofisini. Karani alikuwa kijana mpole, shati lake limepigwa pasi mbele tu, mgongoni hovyo, na Mama Pasi alijizuia asiseme.

"Shikamoo, mama. Karatasi ya kambi?"

"Marahaba. Sina, mwanangu. Mimi sikwenda kambini."

"Ulikuwa nchi gani?"

"Nilikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa hapa. Ukitoka nje, kata kushoto, utaona dirisha lenye meza."

Karani akamweleza taratibu. Daftari za zamani ziliungua. Waliobaki nao wanapata kitambulisho, sheria haiwabagui, ila waje na mashahidi wawili, wenye vitambulisho, waape kwamba walimwona hapa miaka yote ile.

"Wenye vitambulisho wote walikuwa kule," Mama Pasi alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sasa nani aliniona?"

Kijana akajikuna pua kwa kalamu. "Hapo ndipo penye kazi," alisema.

Aliyemkuta ameinamia meza isiyo na nguo ya kupiga wala pasi ni Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili, mwanamke mdogo kwake, mwingi wa maneno na mwenye moyo mweupe. Alisikiliza habari yote, akapiga makofi ya mshangao, kisha akavuta stuli.

"Dada, nikwambie kitu, usikasirike. Aliyepoteza karatasi ya kambi anadhaminiwa na watu wawili wa bomba lake. Mimi hapa mmoja. Mzee Redio wa pili. Wewe ulikuwa nasi Bomba la Nne."

"Mdogo wangu, mimi sikuwa."

"Najua hukuwa. Ulikuwa unanifagilia nyumba. Sasa niache na mimi nikufagilie."

Mama Pasi alifikiri usiku kucha, na asubuhi akatazama chumba: meza, misumari, ukuta ambao mumewe aliegemeza baiskeli za watu hadi ukaingia doa la grisi lisilotoka. Kwingine pa kwenda hakuna. Akapiga moyo konde, akamwambia Mama Pacha, "Haya, nifundishe."

Masomo yalifanyika mchana, pasi ikiwa kazini. Mama Pacha alimweleza njia ya kuingilia kambini, mahema yalivyopangwa, mama muuza mkaa aliyekuwa anawapunja. Habari ikapenya mtaani, na watu wa Bomba la Nne wakaanza kuchungulia, mmoja mmoja. Walibishana bomba lilikuwa la kijani au la buluu. Walimwonyesha jinsi ya kushika ndoo ili usipokonywe zamu. Chumba kikajaa vicheko, na Mama Pasi, huku ananyunyiza maji kwenye kola za watu, akajikuta anadakia: "Si ndiyo siku ile mlinzi alipoanguka tope?" Wakamshangilia. Nisikufiche, zilikuwa siku nzuri kuliko zote alizoziona tangu mumewe azikwe. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu, akipewa nafasi kwenye benchi haulizi benchi ni la nani.

Siku ya mwisho Mama Pacha alisubiri wengine watoke. Akashusha sauti.

"Limebaki moja, dada. Watakuuliza shemeji alifia wapi."

Mama Pasi aliweka pasi kwenye kigae chake.

"Ukisema hapa," Mama Pacha aliendelea, "watauliza nani alimzika. Ukisema wewe, basi ulikuwa hapa, na maneno yetu yote yamemwagika. Kule walikufa wengi. Hakuna atakayehesabu."

"Unataka nimhamishe."

"Kwa mdomo tu, dada. Mwenyewe yupo pale pale."

Mama Pasi aliinua pasi akamalizia kola. Jumapili hiyo alikwenda nyuma ya kiwanda cha matofali kama kawaida yake, akang'oa majani, akaketi. Alijaribu kumweleza mumewe jambo lenyewe, akatafuta pa kuanzia. Alipofikia neno "kule" akanyanyuka, akajikung'uta vumbi akarudi nyumbani.

Ofisini walikwenda watatu: yeye, Mama Pacha, na Mzee Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu akishawashwa hazimiki. Mashahidi waliapa. Karani aliuliza, Mama Pasi akajibu: mahema, njia, mkaa, rangi ya bomba, kijani, maana ndivyo kura zilivyoamua. Kijana aliandika bila kuinua kichwa. Alikuwa amemsahau kabisa mama wa dirisha lenye meza. Siku hiyo peke yake alikuwa ameona nyuso za foleni nzima.

"Mume?"

"Marehemu."

"Pole sana, mama. Alifia wapi?"

Mama Pacha alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Mama Pasi aliyasikia maneno ya kweli yamemjia hadi kwenye meno: chumbani kwangu, mchana, mapajani mwangu. Aliumia kama mtu anayelazimishwa kumfungia mumewe nje. Akaona chumba, akaona misumari.

"Kule," alisema. "Alifia kule. Kambini."

"Na alizikwa huko huko?"

"Huko huko."

Karani aligonga muhuri, akampiga picha, na baada ya kungoja kidogo akamkabidhi kitambulisho kikiwa bado na joto la mashine. Alisimama kabisa kumpa mkono, kijana wa watu, amelelewa vizuri.

"Karibu nyumbani, mama," alisema.

"Asante, mwanangu," Mama Pasi alijibu.

Mchana ule Bomba la Nne walikusanyika chumbani kwake kumpongeza. Walikaa kitandani, sakafuni, hadi mlangoni. Kitambulisho kilipita mkono kwa mkono, wakacheka picha kwamba amenuna. Mama mmoja akamwambia kuanzia sasa ni wa chama, na shughuli ijayo yeye ni wa kupokea wageni. Mama Pasi aligawa chai. Chumba chake kilikuwa kimejaa na kilikuwa chake, na hakuna ambaye angekuja kumwambia apishe.

Ndipo Mzee Redio, kikombe mkononi, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Marehemu mumeo, Mungu amrehemu. Namwona hivi. Alikuwa anakohoa kwenye foleni, tunampisha atangulie."

Mama Pacha akamkata jicho, lakini mzee hakuwa anaigiza. Alikuwa ameshaapa, na kile alichokiapia kilikuwa kimemwingia hadi akakiamini. Mwingine akaitikia, "Ndiyo, yule mrefu. Mtu mpole." Mwingine akasema alimtengenezea baiskeli huko huko, na hakumtoza kitu. Wakawa wanamkumbuka kwa zamu, kwa upendo wa kweli, mtu ambaye hawakuwahi kumwona kule, kwa kuwa katika miaka ile hakuwa na pa kwenda isipokuwa kitandani, na kisha nyuma ya kiwanda cha matofali.

Mama Pasi alisimama na birika. Kusahihisha lilikuwa jambo la neno moja tu, na hakuwa na ruhusa ya kulisema tena, si leo, si siku nyingine. Aliweka birika chini, akavuta stuli karibu na Mzee Redio.

"Alikuwa anasema nini?" aliuliza. "Kwenye foleni."

Mzee akafikiri. "Alikuwa anakutaja wewe," alisema. "Anasema akipata nafuu tu, mtarudi wote."

Mama Pasi akajifunika uso kwa upindo wa gauni lake akalia. Watu wa Bomba la Nne walimsogelea, mmoja akamshika bega, mwingine mkono, wakamwacha alie hadi achoke, maana kila mmoja wao alidhani anajua analilia nini. Mama Pacha peke yake alikuwa anaangalia sakafu.