Jina Kwenye Kanda

Juzi nilikuta kinasa sauti cha papa, baba yangu, kanda ingali ndani, nikakumbuka utoto wangu ughaibuni, na baa ya mtaa wa Molenbeek walikopiga jazi kila Jumapili alasiri. Palinukia bia na makoti yaliyolowa mvua. Papa alikiweka mezani, akabonyeza.

Katika nyimbo za kwetu Kongo, mwimbaji huwataja watu kwa majina. Nilidhani papa ananasa ili asikose lake. Lakini saksofoni ililia tu, na watu wakapiga makofi wimbo haujaisha. Sikuelewa kitu.

“Papa, jina yako bataita saa ngapi?”

“Bon, Mado, nyamaza. Sikia kwanza.”

Nilimwonea huruma, niliona wamemsahau.

Juzi niliicheza kanda ile hadi mwisho. Jina linalotajwa ni moja tu, langu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumzike.