Maneno Aliyorudi Nayo Haji Abdulsalam

Haji Abdulsalam Buya alikuwa mvuta kamba wa kivuko cha Garsen. Kutwa alisikia Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kigiriama, na wenye lugha hizo wakielewana kwa Kiswahili cha kukatakata. Kwa hiyo alipokwenda Makka mwaka 1954, hakushangaa mwalimu mmoja wa Indonesia, jina lake Rusdi, alipomwambia kwamba kwao pia lugha ni mamia.

"Nyumbani nasema Kibugis," Rusdi alimweleza kwa Kiarabu cha kuungaunga. "Shuleni nafundisha Kiindonesia. Zamani kilikuwa Kimalei cha wachuuzi. Sasa ni chetu sote."

Hema zao zilipakana kule Mina. Walicheka kila walipokuta neno la pande zote mbili: kabar, dunia, waktu, sabun. Abdulsalam akajifunza kwamba mtu ni orang, na watu ni orang-orang. Kwamba neno la kitendo halibadiliki, liwe la jana au la kesho. Kujua kama jambo limekwisha, unauliza, "Sudah?" Kama bado, unajibiwa, "Belum."

Siku ya tatu joto lilimwangusha Rusdi. Akamshika mwenzake mkono.

"Kita pulang," alisema. Turudi kwetu. "Sudah?"

"Belum," Abdulsalam alimjibu, akaenda kutafuta maji. Aliporudi, mkeka ulikuwa mtupu. Rusdi alikuwa amekata roho, na watu wa kwao wameshamchukua kwenda kumzika.

Miezi minne baadaye, amerudi kivukoni Garsen, adhuhuri, mto umejaa, Abdulsalam aliisikia sauti ile ng'ambo, mahali pasipo na mtu. "Kita pulang. Sudah?" "Belum!" akaitika. Kamba ikamtoka mikononi, kivuko kikayumba, ndama wa Wario, mfugaji wa Kiorma, akachukuliwa na maji.

"Haji, unamjibu nani?" Wario alimuuliza.

Ikawa kila adhuhuri. Abiria walianza kumwogopa. Alikonda. Mkewe, Arafa, akamwambia wakipalilia mpunga, "Baba Mwanaarusi, nifundishe hayo maneno. Usibaki nayo peke yako."

Akamfundisha. Siku moja Arafa akauliza, "Hiyo kita ndiyo sisi?"

"Sisi, pamoja na huyo tunayesema naye. Wanayo nyingine, kami. Hiyo ni sisi, lakini wewe humo."

Arafa akaweka jembe chini. Wakaenda wote kivukoni. Adhuhuri mumewe alipokakamaa, Arafa alijua.

"Amesema nini?"

"Lile lile."

Arafa akaugeukia mto. "Kami belum," alisema. "Kami, Rusdi. Kami."

Abdulsalam akalia kama aliyefiwa saa ile ile. Sauti hakuisikia tena, na maneno nayo yakamtoka moja moja, mpaka akasahau hata neno la Rusdi la maji.

Mwaka uliofuata walihamia Idsowe kulima. Huko ndiko Arafa alikomwambia binti yao Mwanaarusi kwamba siku ile aliona majani ya ng'ambo yakilala, hatua kwa hatua, kuelekea baharini, na hapakuwa na upepo.