Maneno Manne ya Mwingereza wa Vipepeo

Kiingereza changu chote ni maneno manne, na yote ni ya kuudhika. Niliyapata kazini, si shuleni. Shule nilikaa kwa wamisionari muda wa kujua kushika kalamu tu, ndiyo maana mwandiko huu unapanda mlima na kushuka.

Wakati wa Mdachi alikuja Mwingereza mmoja, akaomba ruhusa bomani, akapiga hema karibu na mto Usa. Tulidhani anatafuta pembe. Kumbe anatafuta vipepeo! Mtu mzima anakimbia majanini na wavu, anaanguka, anainuka, anacheka peke yake. Mimi nilikuwa mpishi wake. Nasema leo kwa kuwa nimezeeka. Zamani zile, kuliko Mwarusha mwanamume akiri kwamba anapika, heri akiri kwamba ameiba.

Chai ikinuka moshi, alisema "anoi." Hiyo ndogo, kama inzi. Siafu walipoingia sanduku la vipepeo ilikuwa "veksi," na masikio yakawa mekundu. Nilipofua wavu kwenye sufuria ya mchuzi alisimama wima, akasema "displizi." Lakini ile ya nne, "disapointi," aliisema ameketi, kofia magotini, polepole. Siku hiyo nilitamani anipige. Sisi tunasema umeniudhi, umenikera, umenichukiza, yote kwa pumzi moja na fimbo juu. Yeye kila chukizo alilichoma pini mahali pake.

Sasa, wakati huohuo nilikuwa naposa. Binti wa mzee mmoja wa Elerai, mrefu, mwenye mwanya, akicheka hata mbuzi wanageuka kumtazama. Ah, niache hayo. Mzee akasikia kwamba napika. Nikamwambia ni uongo, mimi ni mkalimani.

"Vizuri," akasema. "Nitakuja nisikie. Ukiwa mpishi, binti yangu humwoni tena."

Akaja kweli, saa nne ya asubuhi, na fimbo yake. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini, kama wazee wetu wanavyosalimu vijana. Mwingereza akatoka hemani, kikombe mkono huu, wavu mkono huu.

"Haya, mkalimani," mzee akaniambia kwa lugha yetu, "mwambie mgeni namsalimu."

Ningefanyaje? Nikatabasamu, nikamwambia Mwingereza kwa sauti ya upole kabisa: "Anoi. Anoi, veksi."

Mwingereza akaitazama chai yake.

"Mbona fupi?" mzee akauliza. "Muulize habari za ng'ombe wa kwao, na watoto, na mvua."

Ng'ombe, watoto na mvua! Nikavuta pumzi. "Displizi, anoi. Displizi, veksi." Nikanyoosha mkono kuelekea Meru, kama mtu anayeonyesha mvua inakotoka. "Veksi." Kisha nikainama kwa heshima zote, nikaishusha ya nne: "Disapointi."

Mashavu ya Mwingereza yakavimba. Nikajua nimekwisha. Mara akapasuka! Alicheka mpaka wavu ukamfunika kichwa, kisha, akiwa ndani ya wavu, akanijibu maneno yaleyale manne, ameyapanga upya, naye akainama. Nikamrudishia. Akanirudishia. Tukapokezana machukizo kama watu wanaopeana pole na hongera, na mzee akitikisa kichwa: "Naam. Hawa wanaelewana."

Tungeishia hapo ningekuwa salama. Lakini Mwingereza kwa furaha alimgeukia mzee, akakusanya Kiswahili chake chote: "Huyu mpishi! Mpishi yangu mzuri sana!"

Mzee hakujua Kiswahili kingi. Ila neno mpishi alilijua, tangu alipolimishwa barabara ya bomani.

Akanitazama. Kisha akaelekeza fimbo mekoni.

"Sufuria ile ina nini?"

"Nyama ya nyati, baba. Na magome ya miti."

"Kuna mwanamke aliyeiona?"

"Hapa hakuna mwanamke, baba."

Akaketi juu ya jiwe, akafikiri. Ninyi wa mjini hamjui: kwetu vijana wa kiume huenda porini na fahali, wakachinja, wakachemsha supu ya magome wenyewe, na nyama ile mwanamke haioni. Hakuna aliyewahi kuiita hiyo kupika; kupika ni uji, kazi ya mwanamke.

"Basi hukupika," mzee akakata shauri. "Umekaa porini na nyama. Lete."

Akanywa kikombe, akafuta mdomo, akanikazia macho. "Na uji? Umewahi kumpikia mtu huyu uji?"

Kila siku asubuhi nilimpikia. "Sijawahi, baba."

Mwingereza alikuwa amesimama palepale anatuchekea, na uji wa asubuhi umeganda kwenye masharubu yake, mweupe, wa kuonekana toka Elerai. Mzee aliuona. Najua aliuona. Akageuza uso, akatazama vipepeo kwa muda mrefu kuliko vipepeo wanavyostahili.

"Vizuri," akasema, akininyooshea kikombe. "Ongeza supu, mkwe."