Siku Mama Yake Alipomwona Akianguka

Katika safu yetu ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, upande wa Makadara, televisheni ilikuwa moja, nayo ilikuwa yangu. Mume wangu, dereva wa lori, aliinunua kuukuu, na ilipogoma tuliichapa kofi ubavuni ikaamka. Jioni ya kipindi cha vichekesho, nyumba yangu ilijaa watu hadi mlangoni.

Mchekeshaji mwenyewe alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Sikuwahi kulizoea jambo hilo. Asubuhi nilimkuta bombani akiteka maji, mtu mpole asiye na maneno, na jioni nilimwona kwenye kioo akimwagikiwa na ndoo ya rangi. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, kapera, kibarua katika kiwanda cha sabuni Industrial Area. Alianza kwa kufagia jukwaa la ukumbi wa mtaa. Jumamosi moja aliyepaswa kuigiza bawabu hakufika, naye akavalishwa koti la bawabu na kuambiwa asiseme neno. Hakusema. Alianguka tu, na ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Kutoka hapo alichukuliwa na televisheni, iliyomrekodi siku zake za mapumziko, na baadaye wageni fulani waliokuwa wakitengeneza filamu walimpa dakika tatu za kuanguka kutoka kwenye baiskeli.

Kuanguka kwake kulijulikana mji mzima. Kwanza mguu wa kushoto ulikaza, kama umepigiliwa msumari. Kisha shingo iligeuka, akatazama juu ya bega kama mtu aliyeitwa na mtu wa nyuma yake. Halafu mwili wote ulizunguka mara moja, akaenda chini chali, mkono mmoja ukibaki juu umeshika hewa. Vijana walimpigia kelele njiani, "Niaje, buda! Hebu anguka kidogo!" Mume wangu aliiga kuanguka huko akitoka kuoga, na mimi nilicheka hadi nikashika mbavu.

Mwaka mmoja, mapema miaka ya tisini, mama yake alikuja kutoka nyumbani kutibiwa goti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja Nairobi. Alikuwa mama mwembamba, wa kitambaa cheupe kichwani, aliyenisalimia kwa kunishika mikono yote miwili.

"Dada, nina zamu ya jioni," jirani yangu aliniambia. "Tafadhali kaa na mama mpaka nitoke."

Hakuniambia kwamba mama alijua habari za kazi ya sabuni tu. Nami nilifikiri namfanyia mgeni hisani. Nilimketisha kwenye kiti kizuri, nikampa chai, na kipindi kilipokaribia nikamwambia, "Mama, leo utaona maajabu."

Mwanawe alipotokea na kofia ya bawabu, mama alicheka kama msichana. "Huyu si mtoto wangu? Amefikaje humo?" Watu walipiga makofi. Mtoto mmoja alimpisha ili asogee karibu.

Kisha akaanguka.

Mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena tangu siku ile. Aliinuka na goti lake bovu, chai ikamwagika, akajitupa mbele ya televisheni na kukishika kioo kwa viganja viwili. "Mgeuzeni!" alilia. "Mgeuzeni alale kwa ubavu! Mnamtazama tu?"

Nyumba nzima ilicheka. Tulidhani mama naye ni mchekeshaji, kwamba kwake ndiko mtoto alikorithi kazi yake. Mimi nilicheka pia. Sitaki kulificha hilo. Nilicheka mpaka nilipoona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikitafuta, kwenye kioo, pa kumshika.

Mume wangu alizima televisheni. Watu walitoka mmoja mmoja bila kuaga. Nilimwinua mama nikamkalisha, nikampangusa chai miguuni kwa kanga yangu.

"Imempata lini?" aliniuliza.

"Nini, Mama?"

"Kifafa."

Nilimwambia hakuna kifafa, ni mchezo, analipwa. Alinitazama kama mtu anayedanganywa na mtoto. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mumewe alikuwa nacho. Nyumbani kwao ugonjwa ule ulifichwa, kwa sababu watu waliukimbia wakidhani unaambukiza. Siku moja mumewe alienda mtoni peke yake, akaangukia majini, hakukuwa na mtu wa kumgeuza. Kijana wake alikuwa na miaka minne. Alimlea akimwambia kwamba baba alikufa kwa homa.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo mwanawe aliporudi, shati lake likinuka sabuni. Mama alimkamata uso, akamwamuru afungue mdomo, akautazama ulimi wake kama una alama za meno.

"Mama, ninaigiza," alisema, akijaribu kutabasamu. "Siumii."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ilinijia tu, siku ile ukumbini."

"Fanya nione."

Nadhani aliona hiyo ndiyo njia ya kumtuliza. Alivua viatu. Palepale kwenye simiti ya nyumba yangu, kati ya meza na mlango, mguu wa kushoto ukakaza, shingo ikageuka, akazunguka na kwenda chini. Hata sauti haikutoka, alivyokuwa fundi. Mama aliutazama mkono uliobaki juu umeshika hewa.

"Hata mkono," alisema. Kisha akamwambia yote.

Jirani yangu hakuinuka. Alisikiliza akiwa amelala chali. Mwishowe aliuliza swali moja: "Nilikuwapo alipokuwa akianguka nyumbani?"

"Kila mara. Ulikuwa ukishika shati lake."

Alitoka mbio, nikamsikia akitapika karibu na bomba. Mimi nilisimama na kitambaa cha kupangusia meza mkononi, sijui kama nimfuate au nibaki. Nilifikiria vijana wote wa mtaa, mume wangu na taulo lake, ukumbi mzima wa Jumamosi. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimcheka maiti.

Mama alikaa siku nne zaidi. Siku ya mwisho nilikuwa nikianika nguo uani nikawasikia.

"Baba yako alitembea pia," mama alikuwa akisema. "Alicheka pia. Hayo huyakumbuki?"

"Sikumbuki, Mama. Na picha yake hatuna."

"Basi simama. Vidole vya miguu nje. Zaidi. Mkono mmoja mgongoni. Sasa njoo, polepole, kama umeshiba."

Niliwachungulia kati ya shuka. Mtu mzima, nyota wa televisheni, alikuwa akipita uani akifundishwa kutembea na mama yake, huku mama akimsahihisha kwa fimbo yake ya kutembelea. Alirudia mpaka mama akaziba mdomo kwa kitambaa na kusema, "Huyo."

Hakuanguka tena kwenye televisheni. Wakubwa wa kipindi walimsihi, kisha wakamtisha, naye akawaambia mgongo umeharibika. Bawabu akawa mzee wa kutembea vidole nje, mkono mgongoni. Kipindi hakikuchekesha sana tena. Mume wangu alisema jirani amezeeka ghafla, na watu waliokuja kwangu jioni wakapungua. Baada ya mwaka hivi kipindi kilisimama, kiwanda nacho kikapunguza vibarua, naye akafunga mizigo kurudi kwao.

Asubuhi aliyoondoka nilimsaidia kubeba godoro hadi barabarani. Nilitaka kumwomba msamaha kwa jioni ile, nikashindwa pa kuanzia.

"Mama hajambo?" nikauliza.

"Hajambo. Ameagiza kwamba nikifika, kila jioni nitembee mbele yake uani, kama baba," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akicheka mwenyewe.