Kiti cha Nyuma Kwenye Somo la Maisha Mema

Kila Jumamosi rafiki yangu alikaa kwenye kigoda kati ya magoti yangu, katika saluni ninayosukia Kawangware. Mimi nikimsuka, yeye ananisomesha. Shule ya msingi tulisoma pamoja Kibera. Yeye akaendelea hadi chuo kikuu, mimi nikaishia kidato cha pili.

Muhula huo walikuwa wakisoma maadili: mtu aishi vipi ndipo aseme ameishi vizuri. Swali hilo lilinishika vibaya. Jioni nikirudi nyumbani Makina, huko Kibera, kwa miguu nilikuwa naangalia watu, mama wa mandazi, fundi wa viatu, najiuliza, huyu je?

“Wewe unauliza maswali kushinda darasa letu lote,” aliniambia. “Si ukuje ujisikilizie?”

“Na mimi si mwanafunzi?”

“Watu ni wengi kama soko. Kaa nyuma, nyamaza. Mimi niko.”

Hilo “mimi niko” ndilo lililonipeleka. Jumatatu saluni hufungwa, kwa hivyo Jumatatu nikawa na chuo. Nilipiga pasi blauzi yangu nzuri. Mhadhiri alikuwa mama mpole, anaongea akitembeatembea, na mimi pale nyuma nilihisi ananiongelesha mimi tu. Alisema tukimaliza mada ya furaha tutasoma urafiki. Nikaanza kuingoja hiyo siku ya urafiki kama mtoto anayengoja Krismasi.

Jumatatu moja kabla ya siku hiyo, mhadhiri aliomba mfano wa mtu aliyebanwa kati ya ukweli na rafiki. Rafiki yangu akainua mkono.

“Tuseme unajua mtu anaingia darasani na hajasajiliwa,” alisema. “Na ni rafiki yako. Unanyamaza?”

Watu wakacheka. Mhadhiri alifurahi, akasema huo ndio mfano aliokuwa akiutafuta. Kisha akauliza, “Ni mfano tu, ama mtu huyo yuko?”

Rafiki yangu hakunitaja. Aligeuka tu akaniangalia, na macho ya darasa zima yakafuata yake.

Mhadhiri alinijia taratibu. “Dada, wewe ni wetu?”

“Hapana, mwalimu.”

“Pole. Sina ruhusa ya kukuacha ukae.”

Nikashika mkoba wangu. Nilipopita karibu na rafiki yangu, alikuwa anaandika.

Jumamosi alikuja saluni kama kawaida.

“Niaje, msusi wangu. Umenikasirikia?”

“Keti.”

“Lakini sikutaja jina. Nilitoa mfano tu, na nilikuwa nataka kujibu vizuri angalau siku moja. Wewe moyo wako ni laini sana.”

Nilichovya kitana kwenye mafuta, nikamgawa nywele katikati. Moyo wangu ni laini kweli, maana hata hapo vidole vilikataa kuvuta kwa nguvu. Nilikumbuka anavyoumia karibu na masikio, nikapita pole.

“Basi,” akasema, akijiweka vizuri magotini, “juzi Alhamisi kulikuwa na kipindi cha ziada, tumesoma urafiki. Ilikuwa tamu, wewe. Nikuambie?”

Nilitaka kusikia. Hadi leo nataka. Nikanyoosha mkono kwenye rafu, nikaongeza sauti ya redio, nikaendelea kusuka.